Zamu mia za Ichiro: mkongwe wa miaka 43 ana thamani gani benchi?

Miami Marlins, klabu ya besiboli ya Marekani, walimaliza msimu wa 2017 tarehe 1 Oktoba, na Ichiro Suzuki akafunga hesabu yake akiwa na mapigo safi 27 aliyoyapata akiingia toka benchi. Rekodi ya msimu mmoja ni 28, iliyowekwa na John Vander Wal wa Colorado mwaka 1995. Ichiro alipungukiwa moja. Rekodi nyingine aliichukua yeye: zamu rasmi 100 kama mpigaji wa akiba, wakati Lenny Harris aliishia 83 mwaka 2001. Mwezi mmoja baadaye klabu ilikuwa na haki ya kumbakiza mwaka 2018 kwa dola milioni 2. Ikakataa.

Mtu akisoma mambo hayo mawili pamoja anahisi kuna dhuluma. Hakuna. Uchambuzi huu unafuata misimu mitatu ya Ichiro huko Miami, 2015 hadi 2017, kwa sababu ni nadra kumwona mchezaji yuleyule, kwenye klabu ileile, kwa mshahara uleule wa dola milioni 2 kwa mwaka, akipewa kazi tatu tofauti baada ya kuvuka miaka 40. Ukitaka kujua mkongwe amebakiza nini, mahali pazuri pa kutazama ni pale.

Kwanza msamiati kidogo, kwa wasomaji waliozoea kriketi au soka. Pigo safi ni mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji kwenye besi bila walinzi kufanya kosa. Besi ya bure ni pale mrushaji anapokosa shabaha mara nne, mpigaji akatembea hadi besi ya kwanza. Hiyo haihesabiwi kama zamu rasmi. Wastani wa 0.270 maana yake ni mapigo safi 27 katika kila zamu rasmi 100. Homurani ni mpira uliovuka ukuta wa uwanja. Mkimbio ni pointi, pale mchezaji anapozunguka besi zote na kurudi nyumbani. Kuiba besi ni kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa. Straiki ni mrusho ambao mpigaji ameukosa, au mrusho mzuri aliouacha upite; zikifika tatu anatolewa. Iningi ni kipindi cha kupiga, huisha wapigaji watatu wakishatolewa, na kwa kawaida mechi ina tisa. Na kama ilivyo kwenye soka, mchezaji aliyebadilishwa harudi uwanjani.

Ichiro alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1973 katika mkoa wa Aichi, Japani. Akiwa na Orix BlueWave alipata mapigo safi 1,278 kabla ya kuvuka bahari kwenda Seattle mwaka 2001. Mwaka 2004 alipata mapigo 262 kwa msimu mmoja, akaivunja rekodi ya George Sisler ya 257 iliyokuwa imesimama tangu 1920, na hadi leo haijaguswa. Alifikisha mapigo 200 au zaidi kwa misimu 10 mfululizo. Alipotia saini Miami Januari 2015 alikuwa na miaka 41, akiwa ameletwa kuwa mlinzi wa nne wa uwanja wa nje, yaani mtu wa akiba nyuma ya Giancarlo Stanton, Marcell Ozuna na Christian Yelich.

Kosa la kwanza ambalo klabu hufanya kwa mkongwe wa aina hii ni kuuliza amebakiza asilimia ngapi ya ubora wake wa zamani. Swali hilo halikupeleki popote, maana hakuna anayeinunua 2004. Swali lenye kazi ni hili: msimu una mechi 162, na kuna zamu mia mbili au mia tatu hivi ambazo vijana wako wa kikosi cha kwanza hawatazipiga. Watapumzika, wataumia, au nafasi itakuwa ya mrushaji asiyejua kupiga. Nani azipige hizo, na bila yeye ungempata nani kwa bei gani?

Namna benchi lilivyokuwa mwaka 2017

Kikosi kilikuwa cha watu 25. Warushaji walichukua nafasi 12 au 13, na wachezaji wa kuanza nafasi nane. Waliobaki ni wanne au watano. Mmoja wao ni mdakaji wa pili, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mirusho, na kocha humhifadhi hadi dakika za mwisho kwa sababu wa kwanza akiumia hakuna mwingine wa kuvaa vile vifaa. Kwa hiyo benchi halisi, la kutumika, ni watu watatu au wanne.

Jambo lililolipa benchi hilo uhai ni kwamba Marlins walikuwa Ligi ya Taifa, moja ya matawi mawili ya ligi kuu, na katika ligi hiyo mrushaji alilazimika kupiga mwenyewe. Warushaji walipiga vibaya mno, wastani wao ulikuwa chini ya 0.150. Kila mechi, kuanzia iningi ya tano hadi ya saba, mrushaji aliyeanza anakaribia kuchoka na nafasi yake ya kupiga inakaribia kufika. Hapo kocha anamtoa na kumwingiza mtu wa benchi apige mara moja tu. Iningi inayofuata anaingia mrushaji mpya. Baada ya wapigaji tisa nafasi ile inarudi tena, na mtu mwingine wa benchi anaingia. Mpigaji mmoja hadi watatu wa akiba kwa mechi lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Ichiro alikuwa na faida mbili ambazo hazionekani kwenye jedwali la takwimu. Ya kwanza ni kwamba hupiga akitumia upande wa kushoto, lakini kwa jumla ya maisha yake ya ligi kuu hakuwa dhaifu mbele ya warushaji wa mkono wa kushoto. Wapigaji wengi wa kushoto hupotea mbele yao, ndiyo maana kocha wa upande wa pili anapomwona mpigaji wa kushoto akitoka benchi hupiga simu haraka kwa warushaji wake wa akiba, alete wa kushoto. Hapo inabidi umtoe mpigaji wako kabla hajagusa mpira, na tayari umechoma mtu mmoja. Kwa Ichiro simu hiyo haikuwa na faida. Ya pili ni kwamba aliweza kubaki uwanjani baada ya kupiga, akilinda upande wowote kati ya mitatu ya nje. Tarehe 25 Juni 2017 alianza katikati akiwa na umri wa miaka 43 na siku 246, mkubwa kuliko yeyote aliyewahi kuanza nafasi hiyo tangu 1900. Mkongwe anayeweza tu kupiga anatumika mara moja na kwisha. Anayeweza kupiga kisha kulinda anampa kocha nafasi ya kupanga upya: mpigaji anabaki, mlinzi mmoja anatoka, mrushaji mpya anachukua nafasi ya mlinzi huyo kwenye orodha, na zamu ya mrushaji inasogezwa mbali kwa wapigaji watano au sita.

Dozi tatu

Mwaka 2015 mambo yalienda mrama mapema. Mwishoni mwa Juni Stanton alivunjika mfupa mdogo wa kiganja uitwao hamate, ule unaokandamizwa na kitako cha rungu, akaishia mechi 74. Julai Ozuna akashushwa ligi ndogo. Mtu wa akiba akageuka mtu wa kila siku. Ichiro alicheza mechi 153 na kusimama kupiga mara 438, besi za bure zikiwemo. Wastani ulikuwa 0.229. Uwezo wa kufika besi kwa njia yoyote 0.282. Uzito wa mapigo, unaohesabu besi zilizopatikana kwa kila zamu rasmi, 0.279. Hiyo ya mwisho ni namba ya mrushaji anayejitahidi, si ya mlinzi wa nje. Ukisoma msimu huo peke yake utasema mzee amekwisha, na wengi walisema.

Kilichokuwa kimekwisha ni uwezo wa kurudia. Mwili wa miaka 41 unaweza kutoa mchezo wa kiwango Jumanne. Ukiudai tena Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, huku Jumamosi ni mechi ya mchana baada ya mechi ya usiku, mkono wa mbele unaanza kuchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mpira uliokuwa ukipita kati ya walinzi wawili unakuwa mpira wa chini wa kawaida kuelekea besi ya pili. Mchezaji ambaye thamani yake yote ilitegemea kupiga mpira mahali pasipo na mtu, kisha kukimbia, hana homurani za kumfidia ucheleweshaji huo.

Mwaka 2016 kocha mpya, Don Mattingly, alianza na vijana watatu wakiwa salama. Ichiro alipewa siku za kupumzika kwa mpangilio: anaanza mechi kadhaa, anakaa kadhaa, anaingia kupiga mara moja, anaanza tena. Hadi katikati ya Juni wastani wake ulikuwa karibu 0.350. Tarehe 7 Agosti, mjini Denver, alipata pigo lake la 3,000 la ligi kuu, la besi tatu, dhidi ya Chris Rusin. Wiki hiyohiyo ikaisha Stanton akiumia kinena, na kazi ya Ichiro ikaongezeka tena. Namba zikashuka, lakini akamaliza na 0.291, kufika besi 0.354, uzito 0.376, kwa kusimama mara 365 na besi 10 za kuiba. Huyo ni mpigaji wa wastani wa ligi nzima. Mpigaji wa wastani aliyekaa benchi kwa dola milioni 2 ni kitu cha thamani kubwa, na klabu nyingi zilikuwa hazina.

Mwaka 2017 tatizo lilikuwa jingine kabisa. Vijana watatu hawakuumia. Stanton mechi 159, akipiga homurani 59. Ozuna 159. Yelich 156. Hakukuwa na nafasi ya kuanza. Ichiro alionekana kwenye mechi 136, lakini alisimama kupiga mara 215 tu, na mara 109 kati ya hizo alitoka benchi akiwa baridi. Wastani wa msimu ulikuwa 0.255, kufika besi 0.318, uzito 0.332, homurani 3, besi moja tu ya kuiba.

Hapa kuna jambo la kupendeza. Jumla ya mapigo yake ni 50 katika zamu rasmi 196. Toa yale 27 katika 100 ya benchi, yanabaki 23 katika 96. Kwa maneno mengine alipiga 0.270 akitoka benchi na 0.240 alipocheza mechi kwa njia nyingine. Kwa kawaida ni kinyume: mpigaji yeyote akiingia baridi hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Lakini mtu asiichukue tofauti hiyo akaijengea nyumba. Katika zamu mia, tofauti ya 0.270 na 0.240 ni mapigo matatu. Mipira mitatu iliyodondoka mbele ya mlinzi badala ya kudakwa. Unachoweza kukisema kwa uhakika ni kwamba ubaridi wa benchi haukumshusha, na hilo peke yake kwa umri ule linatosha.

Kazi ya mtu anayesubiri

Kwa nini mpigaji wa akiba hushuka? Aliyeanza mechi anamwona mrushaji yuleyule mara mbili au tatu, anaanza kusoma mpira wake. Wa akiba anaingia mara moja, mara nyingi dhidi ya mrushaji mpya wa iningi ya saba au ya nane anayetupa kilomita 150 kwa saa na zaidi, misuli ikiwa imepoa kwa saa mbili. Ana mirusho minne au mitano. Akikosa muda wa kwanza, amekwisha.

Kazi yenyewe huanza iningi ya tatu au ya nne. Nyuma ya benchi kuna korido inayoelekea kwenye chumba chenye wavu wa kupigia. Mpigaji ananyoosha nyonga na mabega, kisha anapiga mipira 15 hadi 20 iliyowekwa juu ya kigingi, halafu michache ya kurushiwa kwa karibu, au mashine iliyowekwa kasi ya juu ili jicho lizoee. Halafu anarudi kukaa na kuhesabu. Mrushaji ni wa tisa kwenye orodha. Anayepiga sasa ni wa tano. Akitoka huyu, na wa sita, na wa saba, iningi imekwisha na zamu haifiki. Akifika besi hata mmoja kati yao, na wa nane naye akafika au akaacha angalau mtu mmoja wa kutolewa, jina lake litaitwa. Kuanzia hapo macho hayatoki kwa mrushaji: anatumia muda gani kuinua mguu, mpira unaopinda anautupa akiwa nyuma au akiwa mbele kwenye hesabu ya straiki, mdakaji anapenda kuomba nini kwa mpigaji wa kushoto.

Linaloharibika zaidi hapa ni kupasha moto bure. Kocha anasema jiandae iningi ya tano, mambo yanabadilika. Iningi ya saba anasema tena, yanabadilika. Ya tisa ndipo anaingia. Mzee amekwishapiga mipira 60 kwenye wavu. Akifanya hivyo usiku wa tatu mfululizo, mabega yamechoka bila hata zamu moja rasmi kwenye kitabu. Kocha anayejali humwambia mkongwe wake mapema: leo ni wewe kwa zamu ya kwanza ya mrushaji baada ya iningi ya tano, au leo nakuhifadhi kwa ya nane. Maneno kumi hivyo yanaokoa mwili kwa wiki nzima.

Ichiro alikuwa ameishi maisha yake yote kana kwamba alijiandaa kwa kazi hii. Mazoezi ya mashine za kunyoosha viungo kila siku, mechi iwepo isiwepo. Marungu yake aliyahifadhi kwenye sanduku la kuzuia unyevu, kwa kuwa mti hunyonya maji hewani na kuongezeka uzito, na Miami ni mji wa unyevu. Glavu yake aliisafisha na kuipaka mafuta mwenyewe. Mchezaji nyota akishushwa benchi, mara nyingi kinachomwangusha ni ratiba: hajui afanye nini saa mbili usiku ikiwa hajui kama atacheza. Huyu alijua.

Zamu zinazomfaa na zisizomfaa

Zamu hazilingani, na hapa ndipo kocha anaweza kumpandisha au kumzika mkongwe wake.

Chukua hali ya kwanza: mwenzako yuko besi ya pili, wawili wameshatolewa. Kwa wastani timu hutarajia mkimbio 0.3 hivi hadi mwisho wa iningi. Mpigaji akipata pigo safi la kawaida, mkimbio unaingia na bado ana matumaini ya 0.2 mbele, jumla 1.2. Akipata besi ya bure, matarajio yanapanda hadi 0.4 tu. Kwa hiyo pigo dogo linazidi besi ya bure kwa mbali sana. Hiyo ni zamu ya Ichiro, mwenye kugusa mpira na kuupeleka upande wa kushoto juu ya kichwa cha mlinzi wa ndani.

Hali ya pili: mtu yuko besi ya tatu, mmoja ametolewa. Matarajio ni karibu mkimbio 0.9. Mpigaji akitolewa kwa straiki tatu, yanaanguka hadi chini ya 0.4. Akipiga mpira mrefu ukadakwa, mtu wa besi ya tatu anakimbia nyumbani, mkimbio mmoja na ziada kidogo. Tofauti ya mkimbio 0.7 kati ya kukosa mpira na kuugusa vibaya. Mwaka 2017 ligi nzima ilitolewa kwa straiki tatu katika asilimia 21.6 ya zamu. Ichiro asilimia 16. Bado yuko chini. Lakini tazama alikotoka: mwaka mmoja kabla ilikuwa asilimia 11.5. Namba hiyo ndiyo niliyoiona ya kutisha kuliko wastani wake wa 0.255, kwa sababu wastani unayumba kwa bahati, kugusa mpira hakuyumbi hivyo.

Hali ya tatu: iningi ya tisa, mko nyuma kwa mkimbio mmoja, besi tupu, wawili wametolewa. Pigo dogo hapo linakupa nafasi ndogo sana, maana baada yake bado unahitaji mapigo mengine mawili. Unahitaji mpira uvuke ukuta. Ichiro alivusha mara tatu mwaka mzima.

Hapa ulinganisho na Jason Giambi unafaa sana. Mwaka 2013, akiwa na miaka 42 huko Cleveland, Giambi alisimama kupiga mara 216, moja tu zaidi ya Ichiro wa 2017. Wastani wake ulikuwa 0.183, aibu kwa macho. Kufika besi 0.282, uzito 0.371. Jumlisha hizo mbili za mwisho: 0.653. Za Ichiro: 0.650. Ni kama mtu mmoja kwenye karatasi. Lakini Giambi alikuwa na homurani 9, na moja kati ya hizo, tarehe 24 Septemba dhidi ya Addison Reed, akitoka benchi, wawili wakiwa wametolewa iningi ya tisa, iligeuza kipigo kuwa ushindi wa 5 kwa 4. Cleveland wakaingia hatua ya mtoano kwa tofauti ya mechi moja. Matt Stairs wa Philadelphia, miaka 40, alifanya kazi ileile tarehe 13 Oktoba 2008 mbele ya Jonathan Broxton. Wazee hao hawakuweza kukimbia wala kulinda. Walikuwa na kitu kimoja, na kocha alikijua ni cha saa ngapi.

Kwa hiyo benchi lenye Ichiro lilihitaji pia Giambi wake. Kumpeleka mwenye mapigo mafupi kwenye hali ya tatu kwa sababu tu jina lake ni kubwa ni kumtumia vibaya, na lawama ni ya kocha.

Hesabu ya pesa

Kila mikimbio 10 ni sawa na ushindi mmoja kwa msimu, na soko la miaka ile lilinunua ushindi mmoja kwa takriban dola milioni 8. Mshahara wa chini wa ligi mwaka 2017 ulikuwa dola 535,000. Ichiro alizidi hapo kwa kama milioni 1.5, yaani thamani ya mikimbio miwili hivi. Alitakiwa aizidishe timu mikimbio miwili juu ya kijana wa kuokota toka ligi ndogo.

Kwa rungu lake la 2017 alikuwa chini ya mpigaji wa wastani kwa mikimbio 6 hivi. Kijana wa kuokota, katika zamu 215, angekuwa chini kwa 7 hivi. Faida ya mkimbio mmoja. Lakini mpime kwa haki: nusu ya zamu zake aliingia baridi, na kijana angeingia baridi pia na kupoteza mikimbio mitatu mingine. Ukiongeza hiyo, Ichiro alilipa mshahara wake, kwa shida kidogo lakini alilipa. Mwaka 2016, kwa hesabu hiyohiyo, alikuwa juu ya kijana kwa takriban mikimbio 10, na Miami walipata mchezaji kwa sehemu ndogo tu ya bei. Mwaka 2015 walimlipa hasara.

Tukirudi Novemba 2017. Kumkataa kuligharimu dola 500,000 za kuvunja kipengele, na kijana wa kuziba nafasi mwaka 2018 angelipwa 545,000. Klabu iliokoa chini ya milioni moja. Pesa peke yake hazielezi uamuzi. Kilichoeleza ni kwamba timu ilikuwa imeuzwa kwa kundi la Bruce Sherman na Derek Jeter, imemaliza na ushindi 77 na vipigo 85, na ilikuwa inajiandaa kubomoa. Kufikia mwisho wa Januari 2018 Stanton, Ozuna, Yelich na Dee Gordon wote walikuwa wameuzwa. Timu inayoanza upya haina iningi ya saba ya kuokoa. Zamu zake mia mbili ni za kumfunzia kijana. Na mkongwe mwenyewe alikuwa ametimiza 44, besi za kuiba zimetoka 10 hadi 1, straiki zimepanda. Mimi ningeamua vilevile, na ningempigia simu mwenyewe kumweleza sababu.

Seattle walimchukua Machi 2018 kwa dola 750,000, baada ya Ben Gamel kuumia misuli ya ubavu. Lakini Seattle wako Ligi ya Amerika, ambako tayari mpigaji maalumu alikuwa anapiga badala ya mrushaji. Hakuna nafasi ya mrushaji, hakuna kazi ya kutoka benchi. Kilichobaki ni kumwanzisha, dozi ileile ya 2015, akiwa mkubwa kwa miaka mitatu. Mechi 15, mapigo 9 katika zamu rasmi 44, yote ya besi moja. Tarehe 3 Mei akahamishiwa ofisini kuwa msaidizi maalumu wa mwenyekiti, kabla ya kurudi kwa mechi mbili za kuaga Tokyo Machi 2019.

Siku hizi kikosi ni cha watu 26, na tangu Juni 2022 warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Tangu 2022 Ligi ya Taifa nayo ina mpigaji maalumu. Toa wapigaji tisa wa kuanza, toa mdakaji wa pili, benchi linabaki na viti vitatu. Kimoja ni cha anayeweza kulinda katikati ya uwanja wa ndani. Kingine ni cha anayelinda nje kwa kasi na kuiba besi iningi ya tisa. Cha tatu hupewa mpigaji wa mkono ambao kikosi cha kwanza hakina. Mzee wa 2016 angepigania hicho cha pili. Yule wa 2017, mwenye besi moja ya kuiba na homurani tatu, asingepata hata kimoja.